Sayari saba za nyota nyekundu: je, zina hewa?

Kijana mmoja wa darasa la sita, mtoto wa jirani yetu, alitungoja nje ya msikiti baada ya sala ya Isha akiwa na maswali mawili. Alikuwa ameona kwenye simu ya kaka yake habari kwamba "dunia nyingine imepatikana", nyota yake ni nyekundu na jua lake halichwi. Akataka kujua: je, huko kuna watu? Na kama wapo, wanasali saa ngapi? La kwanza tulidhani tutalimaliza kwa neno moja. La pili lilitunyamazisha. Tukamwambia asubiri Ijumaa.

Makala haya basi ni jawabu letu kwake, na ni msaada kwa wazazi wanaoulizwa maswali ya namna hii wakiwa jamvini na wakajikuta wanajibu, "Nyamaza, ule."

Nyota iliyotajwa katika habari ile inaitwa TRAPPIST-1. Jina hilo ilipewa kwa sababu ya darubini iliyoichunguza, darubini ndogo yenye kioo cha upana wa sentimita 60 tu, iliyowekwa katika kituo cha La Silla nchini Chile na kuendeshwa na wanajimu wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji. Ipo katika buruji ya Dalu, yaani kundi la nyota ambalo wengine huliita Ndoo. Umbali wake kutoka kwetu ni takriban miaka 40.7 ya nuru, ambayo ni kilomita trilioni 385 hivi. Kwa hesabu za anga huo ni ujirani. Kwa hesabu za msafiri ni jambo jingine kabisa: chombo cha Voyager 1, kinachokwenda kilomita 17 kwa kila sekunde, kingeelekezwa huko kingehitaji zaidi ya miaka 700,000 kufika. Kwa hiyo lolote tutakalolisema hapa limejulikana kwa kuutazama mwanga tu.

Wasomaji wetu wa Pemba na Tanga wanayo fahari moja ambayo huenda hawaijui. Nyota hii hupita karibu kabisa juu ya utosi wao. Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba, yapata saa tatu usiku, mtu aliyesimama Wete au Tanga mjini akainua uso wake juu moja kwa moja, atakuwa anaitazama. Lakini hataiona. Mwanga wake ni hafifu mno kwa jicho la mwanadamu, na hata darubini ndogo za kawaida haziifikii.

Sababu ya uhafifu huo ni kwamba nyota yenyewe ni kibete. Uzito wake ni kama asilimia tisa ya uzito wa Jua, na ukubwa wake umezidi ule wa sayari ya Mushtarii kwa kiasi kidogo tu. Joto la uso wake ni nyuzi 2,300 za Selsiasi hivi, ilhali Jua letu lina nyuzi 5,500. Nuru yote inayotoka humo ni kama sehemu moja kati ya sehemu 1,800 za nuru ya Jua, na sehemu kubwa ya nuru hiyo ni mionzi ya joto ambayo macho yetu hayaioni. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka bilioni 7.6, wakati Jua lina bilioni 4.6. Tena nyota za namna hii huchoma akiba yao kwa ubahili mkubwa, hata hukadiriwa kuishi kwa matrilioni ya miaka.

Mwezi Mei mwaka 2016, Michaël Gillon na wenzake walitangaza kwamba nyota hiyo ina sayari tatu. Hawakuziona sayari zenyewe. Walichokiona ni nyota kufifia kidogo, kwa asilimia moja au pungufu yake, kisha kurudia hali yake, na jambo hilo kujirudia kwa vipindi maalumu. Ni mfano wa nzi anayepita mbele ya taa ya karabai: humwoni nzi, bali unaona mwanga umetikisika. Baada ya hapo darubini ya Spitzer iliyokuwa angani iliikodolea macho nyota hiyo kwa siku 20 karibu mfululizo, na tarehe 22 Februari 2017 ikatangazwa kwamba sayari ni saba, zote zikikaribia ukubwa wa Dunia yetu. Zikapewa herufi kuanzia b mpaka h.

Hapa tungependa tusimame kidogo, kwa kuwa mara nyingi habari za namna hii huletwa kwetu kana kwamba ni kazi ya Ulaya na Marekani peke yao. Miongoni mwa darubini zilizotumika katika ugunduzi wa mwaka 2017 ilikuwamo pacha wa ile ya Chile, iliyojengwa Oukaïmeden katika milima ya Atlas nchini Morocco kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cadi Ayyad cha Marrakech. Ilikuwamo pia darubini ya Sutherland, Afrika Kusini. Katika orodha ya walioandika taarifa ile ya kisayansi yamo majina ya Zouhair Benkhaldoun na Khalid Barkaoui wa Morocco, na Yaseen Almleaky wa Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz, Jeddah. Kijana wa darasa la sita anayefikiri kwamba elimu ya nyota si ya watu wa bara hili au wa dini yake, na ayajue majina hayo. Isitoshe, mdomo wake mwenyewe unashuhudia: Zuhura, Mirihi, Mushtarii, Zohali, Dalu, ni maneno anayoyatamka kwa Kiswahili kila siku, na yote yametoka kwa watu waliokesha wakitazama juu kabla ya darubini kuwapo.

Tukirejea kwenye sayari zenyewe, zote saba zimejikunyata karibu sana na nyota yao. Iliyo mbali zaidi, h, ipo kilomita milioni tisa tu kutoka kwenye nyota, na hali Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua letu, ipo umbali wa kilomita milioni 58. Kwa sababu hiyo mwaka wa huko ni mfupi wa kuchekesha. Sayari b humaliza mzunguko wake kwa siku moja na nusu, e kwa siku sita na ushei, na h kwa siku 18 na robo tatu hivi. Mtoto wa miaka kumi kwa hesabu ya hapa angekuwa na umri wa karibu miaka 600 akiwa kwenye sayari e.

Jambo la ajabu zaidi ni mpangilio wa mizunguko hiyo. Sayari h ikizunguka mara 2, g huzunguka takriban mara 3, f mara 4, e mara 6, d mara 9, c mara 15 na b mara 24. Zinakwenda kwa mapigo, kama ngoma zinazoitikiana. Na kwa kuwa zinapopishana huvutana, kila moja huwahi au huchelewa kwa muda mdogo kupita mbele ya nyota. Wanajimu walizikusanya dakika hizo za kuwahi na kuchelewa kwa miaka kadhaa, na mwaka 2021 wakaweza kutaja uzito wa kila sayari kwa usahihi ambao haujapatikana kwa sayari nyingine ndogo zilizo nje ya familia ya Jua. Matokeo yake ni kwamba zote ni za mawe, wala si mapovu ya gesi, ingawa msongamano wake umepungua kwa asilimia nane hivi ukilinganishwa na wa Dunia kama ingekuwa na ukubwa huo huo. Huenda chuma chake ni kichache, au huenda kuna maji kwa kiasi fulani. Mizani peke yake haiwezi kuamua.

Sasa ni ipi inayokalika? Wanasayansi wanapotaja eneo linalokalika wana maana finyu sana: umbali kutoka kwenye nyota ambapo maji yanaweza kubaki maji, yasichemke yakaisha wala yasigande yote. Hawana maana kwamba kuna mtu, wala mti, wala hata ukungu wa mkate. Ni sawa na kusema kwamba kiwanja kinafaa kujengwa. Katika ujirani ule, viwanja vinavyotajwa ni e, f na g, na kinachopendwa zaidi ni e. Upana wake ni asilimia 92 ya upana wa Dunia, uzito wake ni asilimia 69, na nuru inayoipata ni kama theluthi mbili ya ile tunayoipata sisi. Mtu anayepima kilo 70 hapa, mizani ya huko ingemwonyesha kilo 57.

Lakini kiwanja bila hewa ni jangwa. Mwezi wetu upo umbali ule ule kutoka kwenye Jua kama Dunia, nao ni vumbi tupu. Swali zito basi, linalowakosesha usingizi wenye fani hii tangu mwaka 2017, ni hili: je, sayari hizi zimeweza kuihifadhi hewa yake? Wapo wenye hoja nzito za kukataa. Nyota kibete katika ujana wake huwa na mwanga mkali zaidi kuliko katika utu uzima, na ujana huo huchukua mamia ya mamilioni ya miaka. Sayari e ambayo leo ipo mahali pa wastani, ilianza maisha yake ikiwa jikoni. Maji yake, kama yalikuwapo, huenda yaligeuka mvuke na kupotelea angani. Kisha nyota yenyewe hutoa milipuko ya mara kwa mara inayomwaga mionzi mikali, na sayari zilizo karibu kiasi kile hazina pa kujificha.

Swali hili lina uzito kuliko nyota moja. Karibu robo tatu ya nyota zote zinazotuzunguka ni vibete vyekundu. Ikithibitika kwamba sayari za nyota hizi zinaweza kubaki na hewa, basi mahali panapoweza kukalika katika anga ni pengi mno. Ikithibitika kwamba haziwezi, basi Dunia yetu chini ya Jua lake tulivu itakuwa nadra kuliko tulivyodhani.

Chombo kilichotarajiwa kutoa hukumu ni darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, yenye kioo cha upana wa mita sita na nusu, ikikaa kilomita milioni moja na nusu kutoka hapa. Hukumu imekuja kwa mafungu. Mwezi Machi 2023 ilitangazwa kwamba upande wa sayari b unaoitazama nyota una joto la nyuzi 230 hivi, joto la mwamba ulio uchi, usio na hewa nzito ya kulisambaza joto hilo upande wa pili. Kipimo hicho kilipatikana kwa kungoja b ijifiche nyuma ya nyota na kuangalia mwanga uliopungua ni kiasi gani, nao ulikuwa chini ya sehemu moja kati ya elfu. Mwezi Juni mwaka huo huo ikafuata c, yenye joto linalokaribia nyuzi 107. Wengi walitazamia ingefanana na Zuhura, imefunikwa na hewa nzito ya ukaa. Haikuwa hivyo. Mwezi Agosti 2025 ikatangazwa kwamba d nayo haionyeshi dalili ya hewa iliyo kama ya Dunia.

Ikabaki e. Taarifa za kwanza zilitoka Septemba 2025, baada ya darubini kuitazama ikipita mbele ya nyota mara nne. Njia yenyewe ni ya kupendeza. Sayari inapopita, sehemu ndogo ya mwanga wa nyota huchujwa na pete nyembamba ya hewa iliyoizunguka, kama ipo, na kila gesi huacha alama yake kwa kula rangi fulani za mwanga, kama vile mtu anavyoweza kutambua kahawa au chai kwa rangi ya maji tu. Tatizo ni kwamba nyota ina mabaka, mengine ya baridi na mengine ya moto, na mabaka hayo nayo huacha alama zinazofanana na za gesi. Ni kama kuonja mchuzi kwa kijiko ambacho hakikuoshwa. Watafiti wamebuni hila: wanaitazama b na e zinapopita kwa kufuatana, na kwa kuwa b inadhaniwa kuwa haina hewa, alama zitakazoonekana kwa zote mbili zitahesabiwa kuwa za nyota, na zitakazoonekana kwa e peke yake ndizo zitakazochunguzwa.

Mpaka sasa walichoweza kukitamka kwa uhakika ni kwamba e haina lile blanketi zito la haidrojeni ambalo sayari huzaliwa nalo. Kati ya hewa yenye naitrojeni kwa wingi, mfano wa yetu, na mwamba mtupu, vipimo vile vya kwanza havikuweza kuchagua. Uchunguzi zaidi ulipangwa kufuata, mara nyingi kuliko hizo nne.

Kwa hiyo jawabu letu la swali la kwanza ni kwamba hakuna dalili yoyote ya mtu wala mdudu iliyopatikana huko, na kwamba waliokwenda mbali zaidi wote bado wapo kwenye kutafuta hewa. Anayetangaza kwamba "dunia nyingine imepatikana" ametia chumvi. Na sisi tunalo neno kwa ndugu zetu wapendao kuchukua kila habari ya darubini na kuibandika aya siku hiyo hiyo. Mwaka 2017 sayari saba zilisifiwa kama bustani. Mwaka 2023 na 2025 tatu kati yake zikaonekana kuelekea kuwa mawe makavu. Aliyezifanya hoja ya imani kwa watoto wake, atawaambia nini leo? Ndugu zetu hao nia yao ni njema, lakini haraka yao haitupendezi. Fakhruddin Razi, aliyefariki Herat mwaka 1210, aliwapinga wanafalsafa wa zama zake waliodai kwamba haiwezekani kuwapo ulimwengu mwingine usiokuwa huu. Hakuhitaji darubini kulisema hilo, kwa kuwa hakudai kwamba ulimwengu huo ameuona. Alisema tu kwamba uwezo wa Muumba hauwekewi mpaka na hoja zao.

Ama swali la pili, nalo tumelipenda zaidi. Sayari zilizo karibu hivi na nyota yake inaaminika kwamba hufungwa na mvuto wake, zikaielekezea uso mmoja daima, kama Mwezi unavyotuonyesha uso mmoja. Kwenye e, nyota ingeonekana pana mara nne kuliko Jua letu, ya rangi ya chungwa lililoiva, imesimama mahali pamoja. Upande mmoja ni mchana usiokwisha, upande wa pili ni usiku usiokucha, na katikati kuna ukanda wa magharibi ya milele. Huko kivuli cha mtu hakirefuki wala hakifupiki. Alfajiri haipambazuki, jua halipinduki, wekundu wa jioni hautoweki. Alama zote za nyakati tano zimeondoka.

Sisi si mamufti na hatutoi fatwa. Tunakumbusha tu kwamba wanavyuoni wameshapita njia inayokaribiana na hiyo. Wamelizungumza suala la nchi za kaskazini ya mbali ambako jua halizami kwa wiki kadhaa, wakitegemea hadithi mashuhuri ya siku iliyo kama mwaka, ambamo Maswahaba waliuliza juu ya sala wakaelekezwa wakadirie. Na mwezi Oktoba 2007, ndani ya Ramadhani, daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alikwenda kwenye kituo cha anga ambako jua huchomoza na kuchwa mara 16 kwa siku. Wakuu wa dini nchini mwake walimwandalia mwongozo: asali mara tano katika saa 24, akifuata saa za mahali aliporushwa, na kibla akielekee kwa kadiri ya uwezo wake.

Tulipomweleza kijana habari hizo, akauliza papo hapo: na kibla cha kwenye e? Tukafanya hesabu. Kutoka kule, Jua letu lingekuwa nyota hafifu katika buruji ya Asadi, ya kuonekana kwa shida, tena kwa aliye upande wa usiku tu. Na Dunia na Makka yake zimo ndani ya nukta hiyo hiyo. Akauliza tena juu ya mwandamo. Tukamjibu kwamba hakuna mwezi wowote uliokwisha kuonekana ukizizunguka sayari hizo, na wapo wataalamu wanaosema kwamba usingedumu karibu na nyota kiasi kile. Mzee aliyekuwa akivaa viatu kando yetu akasema basi angalau huko hawagombani kila Shaaban ikimalizika.

Kijana alikwenda zake akihesabu kwa vidole vyake umri wa nyanya yake kwa miaka ya siku sita. Tumemwahidi kwamba vipimo vipya vya e vikitolewa tutamwita.